Volti 12 Zinavyoweza Kuunguza Nyumba, na Namna Fyuzi ya Kielektroniki Inavyozuia

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Katika vijiji vya miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia Kibosho, Uru na Old Moshi hadi Marangu na Rombo, familia nyingi hutumia umeme wa sola wenye betri ya volti 12. Baadhi huutumia kwa kuwa nguzo za gridi bado hazijafika kitongojini kwao, na wengine huuweka kama akiba kwa saa ambazo umeme wa gridi umekatika. Kwa kuwa volti 12 hazimrushi mtu anapozigusa kwa mkono mkavu, imejengeka imani kwamba umeme huo hauna madhara. Matokeo yake ni kwamba kazi ya kutandaza nyaya huachiwa yeyote mwenye koleo na utepe.

Imani hiyo ni kweli nusu. Ni kweli kwamba volti ndogo hupunguza hatari ya kupigwa na umeme. Hatari ya moto, hata hivyo, haitegemei volti peke yake. Hutegemea nguvu inayoweza kutoka kwenye chanzo na kujikusanya mahali pamoja. Makala haya yanaeleza chanzo cha hatari hiyo, namna wabunifu wa mifumo ya umeme mdogo wanavyoidhibiti kwa kutumia fyuzi ya kielektroniki, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kumuuliza fundi kabla ya kulipia kazi.

Betri ndogo, mkondo mkubwa

Nguvu ya umeme, inayopimwa kwa wati, hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Taa ya wati 5 kwenye betri ya volti 12 huvuta chini ya nusu ampea. Betri yenyewe haijui kama kilichounganishwa ni taa au ni nyaya mbili zilizogusana. Hutoa mkondo wowote ambao njia inauruhusu.

Chukua mfano wa betri iliyojaa yenye volti 12.6, iliyounganishwa kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 hadi kwenye soketi iliyo umbali wa mita 5. Kwenda na kurudi ni mita 10, na waya huo una ukinzani wa takribani omu 0.12. Tukiongeza omu 0.01 kwa ajili ya betri na viungio, jumla ni omu 0.13. Nyaya zikigusana kwenye soketi, mkondo utakaopita ni takribani ampea 96, wakati waya wenyewe unafaa kubeba ampea zipatazo 15. Zaidi ya wati 1,000 zitageuka kuwa joto ndani ya waya. Hicho ni kiasi cha joto cha jiko dogo la umeme, isipokuwa kwamba jiko hili limepitishwa juu ya dari ya mbao au nyuma ya godoro.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la usalama katika umeme mdogo ni hili: hitilafu ikitokea, ni wati ngapi zinaweza kufika mahali penye hitilafu? Ubunifu wa sakiti yenye nguvu yenye kikomo hulenga kulijibu swali hilo kwa tarakimu inayojulikana mapema, kabla ya ajali.

Fyuzi ya waya na mipaka yake

Kinga iliyozoeleka ni fyuzi ya waya, kama zile zinazotumika kwenye magari. Ndani yake kuna kipande chembamba cha metali ambacho huyeyuka mkondo unapozidi. Ni kifaa rahisi na cha kuaminika, na hakuna mfumo wa betri unaopaswa kukosa fyuzi ya aina hiyo karibu kabisa na ncha chanya ya betri.

Hata hivyo, watu wengi hawafahamu kwamba namba iliyoandikwa juu ya fyuzi siyo mkondo ambao fyuzi hukatika papo hapo. Kwa viwango vya fyuzi za magari, fyuzi ya ampea 10 inatakiwa kustahimili ampea 11 kwa saa zisizopungua 100. Ikipitiwa na ampea 13.5 inaruhusiwa kuchukua hadi dakika 10 kabla ya kukatika, na kwa ampea 20 inaweza kuchukua hadi sekunde 5. Kwa shoti kubwa muda huo si tatizo, kwa kuwa fyuzi hukatika haraka. Tatizo ni hitilafu za kati, ambazo mkondo wake ni mkubwa kwa waya lakini ni mdogo kwa fyuzi.

Hali hiyo hutokea kwa urahisi katika mazingira ya Kilimanjaro. Nyumba za Wachagga zimesambaa ndani ya vihamba, na mara nyingi jiko na banda la ng'ombe huwa mbali kidogo na nyumba kubwa. Mwananchi hununua waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5 na kuuvuta mita 20 hadi bandani ili apate taa ya kukamulia alfajiri. Kwenda na kurudi ni mita 40, na ukinzani wake unakaribia omu 1.45. Ng'ombe akiukanyaga waya huo hadi nyaya zigusane, mkondo utakuwa ampea 8.7 tu, kwa kuwa urefu wa waya wenyewe umeuzuia usipande zaidi.

Endapo nyumba nzima inalindwa na fyuzi moja ya ampea 10, fyuzi hiyo haitakatika. Takribani wati 110 zitaendelea kugeuka kuwa joto kwenye waya, hadi betri iishe au kitu kiungue. Mahali waya ulipozungushwa bunda na kufunikwa na majani makavu, joto hukosa pa kutokea. Mwenye nyumba atakuwa na fyuzi nzima, atakayoikagua na kuiona iko salama, huku banda likiwa hatarini.

Fyuzi ya kielektroniki inavyofanya kazi

Fyuzi ya kielektroniki haina kitu cha kuyeyuka. Ni sakiti ndogo, aghalabu iliyo ndani ya chipu moja isiyozidi ukubwa wa ukucha, yenye sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni kipimo kinachosoma mkondo unaopita. Ya pili ni kilinganishi, ambacho hulinganisha mkondo huo na kikomo kilichowekwa na mbunifu. Ya tatu ni transista inayofanya kazi ya swichi. Mkondo ukizidi kikomo, kilinganishi huiamuru transista ifunge njia. Kwa shoti kubwa, uamuzi huo huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, muda ambao waya haujapata nafasi ya kupata joto.

Faida yake ya kwanza ni usahihi. Kikomo chake kinaweza kuwa na kosa la asilimia 10 au pungufu, badala ya dakika nyingi za kusubiri. Faida ya pili ni kwamba haihitaji kubadilishwa baada ya hitilafu, huwashwa upya. Faida ya tatu ni kwamba chipu nyingi za aina hii hupima pia volti na joto lake zenyewe, hivyo huweza kukata umeme volti zinapopanda kupita kiasi au zinaposhuka hadi kiwango cha kuiharibu betri.

Teknolojia hii si ngeni mikononi mwa wananchi. Vifaa vingi vya kuchajia simu kupitia USB hulindwa kwa namna hii. Ndivyo ilivyo pia kwa nyaya za mtandao zinazobeba data na umeme kwa pamoja hadi kwenye kamera za ulinzi na vifaa vya Wi-Fi. Viwango vya nyaya hizo viliruhusu wati 15.4 kwa kila tundu mwaka 2003, wati 30 mwaka 2009, na wati 90 mwaka 2018. Chanzo huanza kwa kukitambua kifaa kilichounganishwa kabla ya kukipa umeme, kisha huusimamia mkondo wake muda wote.

Kwa nini wati 100

Mipaka inayotumiwa na wabunifu haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kiwango cha Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC 62368-1, kinachohusu usalama wa vifaa vya sauti, picha, habari na mawasiliano, hugawa vyanzo vya nguvu katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni chanzo kisichozidi wati 15, kinapopimwa baada ya sekunde 3. Daraja la pili ni kisichozidi wati 100, kinapopimwa baada ya sekunde 5. Kinachozidi hapo ni daraja la tatu, ambalo huhitaji kinga kali zaidi dhidi ya moto. Kwa upande wa kugusa, umeme mnyoofu usiozidi volti 60 huhesabiwa kuwa wa daraja la chini la hatari katika hali ya kawaida.

Kiwango hicho kimeandikwa kwa ajili ya vifaa, na hakichukui nafasi ya kanuni za kufunga umeme majumbani. Hata hivyo, hoja yake inamsaidia mbunifu wa mfumo wa nyumbani: tawi lisiloweza kutoa zaidi ya wati 100 hupunguza sana uwezekano wa hitilafu kugeuka kuwa moto mkubwa, na lisilozidi wati 15 hupunguza zaidi.

Hesabu ya tawi moja moja

Kosa la kawaida katika hesabu hii ni kutumia volti 12. Betri ya asidi inapochajiwa na paneli jua likiwa kali, volti zake hufika 14.4. Fundi akiweka kikomo cha ampea 8 akiamini anapata wati 96, ukweli ni kwamba tawi lake linaweza kutoa wati 115. Hesabu sahihi hutumia volti za juu kabisa na huongeza kosa la kifaa. Kwa kifaa chenye kosa la asilimia 10, kikomo cha ampea 6 hutoa 6 mara 1.1 mara 14.4, yaani wati 95. Kikomo cha ampea 6.5 tayari huvuka wati 100.

Kikomo hicho cha ampea 6 ni dari, na si lazima kila tawi lifike huko. Kanuni bora ni kuanza na mahitaji ya vifaa, kisha kuweka kikomo juu yake kidogo. Nyumba ya kawaida inaweza kugawanywa katika matawi matatu kama ifuatavyo.

Tawi la taa nne za wati 5 huvuta ampea 1.7. Kikomo cha ampea 2.5 kinalitosha, na nguvu ya juu kabisa itakuwa wati 40. Tawi la televisheni ya wati 30 huvuta ampea 2.5. Kikomo cha ampea 4 kinalitosha, na nguvu ya juu itakuwa wati 63. Tawi la taa ya bandani, lenye wati 5 tu, linaweza kuwekewa kikomo cha ampea 0.9, na hapo nguvu yake haitazidi wati 15 hata hitilafu ikitokea. Ule waya mwembamba uliokanyagwa na ng'ombe, ambao fyuzi ya ampea 10 haikuuona, sasa utakatiwa umeme mara moja, na taa za nyumbani zitaendelea kuwaka.

Kinachopatikana hapa ni zaidi ya usalama. Hitilafu ya banda haizimi taa ya chumba cha mgonjwa. Kwa zahanati na shule za bweni zinazotumia sola, kugawanya mfumo katika matawi yenye vikomo vyake ni sawa na kujenga kuta kati ya vyumba: tatizo la chumba kimoja hubaki humo.

Mambo ambayo fyuzi ya kielektroniki haiwezi

Ubunifu wa kweli hutazama pia udhaifu wa kinga yenyewe. Udhaifu wa kwanza ni kwamba transista ikiungua, mara nyingi hubaki imefunguka, ikipitisha umeme bila kizuizi. Hali hiyo ni kinyume cha fyuzi ya waya, ambayo ikiharibika hukata. Kwa sababu hiyo, viwango hutaka usalama ubaki hata sehemu moja ya sakiti inapoharibika. Wabunifu huweka kinga ya pili kwa mfululizo, ama transista nyingine inayojitegemea, ama fyuzi ya waya. Nyuma ya kikomo cha kielektroniki cha ampea 4, fyuzi ya waya ya ampea 7.5 itaulinda waya wa milimita za mraba 1.5 siku ambayo chipu itashindwa. Fyuzi hizi mbili husaidiana, na moja haimfanyi fundi aiache nyingine.

Udhaifu wa pili ni joto la transista. Ikiwa chipu imepangwa kuuzuia mkondo badala ya kuukata, wakati wa shoti volti zote hubaki juu yake. Volti 12 mara ampea 5 ni wati 60 ndani ya kitu chenye ukubwa wa ukucha. Haiwezi kustahimili hali hiyo ila kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana mbunifu huamua mapema kama chipu ikishakata ibaki imezima hadi mtu aiwashe, au ijaribu tena yenyewe baada ya muda. Kwa waya unaopita kwenye majani makavu au bweni la wanafunzi, kubaki imezima ndiyo njia salama zaidi, kwa kuwa humlazimu mtu kwenda kutafuta chanzo.

Udhaifu wa tatu ni vifaa vinavyovuta mkondo mkubwa vinapowashwa, kama friji na pampu. Fyuzi ya kielektroniki iliyopangwa kwa ukali huvikata kila vinapoanza, na fundi asiye makini hupandisha kikomo hadi kinga ikose maana. Ufumbuzi ni kuweka ucheleweshaji mfupi au uwashaji wa polepole, au kuipa friji tawi lake lenye waya mnene na fyuzi yake.

Udhaifu wa nne ndio unaopaswa kukumbukwa na kila kaya. Fyuzi ya aina yoyote haioni kiungio kilicholegea. Tawi linalopitisha ampea 4 za halali kwenye kiungio chenye ukinzani wa omu 0.5 huzalisha wati 8 za joto katika eneo dogo kama ncha ya kidole, kiasi kinachoweza kuyeyusha plastiki. Mkondo haujazidi, hivyo hakuna kitakachokata. Dawa yake ni viungio vya skrubu vilivyokazwa vizuri ndani ya boksi, na kuachana na nyaya zilizosokotwa na kufungwa utepe.

Mlimani, hewa nyembamba

Suala hili lina sura ya ziada kadiri mtu anavyopanda. Agosti 2022 huduma ya intaneti ya kasi ilizinduliwa katika Mlima Kilimanjaro na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), katika kituo cha Horombo kilicho mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Vifaa vya umeme na mawasiliano vinavyofanya kazi katika mwinuko kama huo hukutana na hewa iliyo nyepesi kuliko ile ya Moshi mjini, na hewa nyepesi huondoa joto kidogo. Chipu inayostahimili ampea 5 mjini inaweza kuhitaji kupangiwa mzigo mdogo zaidi huko juu, ingawa nje kuna baridi.

Hewa nyembamba pia hupunguza uwezo wa kutenganisha nyaya zenye volti kubwa. Viwango vya kimataifa huhesabu nafasi kati ya sehemu zenye umeme kwa mwinuko wa hadi mita 2,000. Juu ya hapo nafasi huongezwa, kwa kuzidisha 1.14 katika mita 3,000, 1.29 katika mita 4,000 na 1.48 katika mita 5,000. Kwa volti 12 jambo hilo halina uzito mkubwa, lakini upande wa volti 230 wa chaja ni lazima uzingatiwe. Aidha, betri za lithiamu za kawaida hazipaswi kuchajiwa joto likiwa chini ya nyuzi 0, hivyo kidhibiti cha mfumo wa mlimani hutakiwa kupima joto la betri kabla ya kuruhusu chaji.

Mwananchi afanye nini

Mwananchi halazimiki kujua kubuni sakiti ili awe salama. Anachohitaji ni kumtumia fundi mwenye sifa na kumuuliza maswali sahihi. Leseni za ufungaji wa mifumo ya umeme hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo. Kwa upande wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo lenye dhamana ya ubora, na alama yake ni kitu cha kwanza kutazama dukani.

Kabla ya kulipia kazi, muulize fundi: Je, kuna fyuzi karibu kabisa na betri? Kila tawi lina kikomo chake, au nyumba nzima inategemea fyuzi moja? Kikomo cha kila tawi ni ampea ngapi, na waya wake unabeba ampea ngapi? Chipu ya kidhibiti ikiharibika, ni nini kitakachokata umeme? Viungio vyote viko ndani ya boksi na vinaweza kukaguliwa? Fundi aliyefanya hesabu zake atajibu kwa tarakimu, na inafaa tarakimu hizo ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa karibu na betri, ili fundi atakayefuata asibadilishe fyuzi kwa kukisia.

Baada ya hapo, jukumu linabaki kwa wanafamilia. Fyuzi inapokata mara kwa mara inatoa taarifa kwamba kuna hitilafu, na kuibadilisha kwa yenye ampea kubwa zaidi au kuiunganisha kwa kipande cha waya ni kuinyamazisha taarifa hiyo. Waya uliopata joto, plastiki iliyobadilika rangi au harufu ya kuungua ni sababu ya kuzima mfumo na kumwita fundi siku hiyo hiyo. Moto ukitokea, tenganisha betri iwapo inawezekana bila kujihatarisha, ondoa watu, na piga simu ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji namba 114.